Chururu si Ndo Ndo Ndo

Kazi yangu ni maji.
Daktari Mwakatobe anashika msumeno, Sekela anahesabu pamba,
mimi nashika bomba la sindano, mililita hamsini za maji ya chumvi
niliyoyalaza dirishani usiku kucha,
maana Julai ya Mbeya ni friji isiyodai luku.
Meno yakianza kuzama kwenye muundi wa mtu
nadondosha: ndo, ndo, ndo.

Nikizubaa, moshi.
Mwembamba, kama wa ukucha uliosogezwa kwenye mshumaa,
na harufu inayonifuata hadi Block T, hadi kwenye foronya.
Mume wangu huuliza nimeunguza nini.

Arobaini na saba. Namba hiyo naijua kama namba yangu ya simu.
Nyuzi arobaini na saba, dakika moja tu,
na mfupa unakufa ukiwa umesimama:
mweupe, mgumu, mzuri kwenye eksirei,
ila ndani hamna mtu.
Utaufunga kwa chuma, utaungoja wiki kumi na mbili,
utabisha hodi, usijibiwe.

Maji moto hayachomi nyumba, walisema.
Nyumba hii, sawa, haichomeki.
Wapangaji wake ndio wanaokufa
kwa joto la chai iliyosahauliwa mezani.

Mwezi wa nne alikuja Ipyana, fundi mitambo, na mashine ya bluu
yenye pampu inayonguruma kama Fuso linalopanda Kitonga.
Tukanunua muundi wa ng'ombe Mwanjelwa
(mchinjaji akauliza, "Supu?" Tukasema ndiyo).
Ipyana akautoboa matundu matatu, akachomeka nyaya za kupimia joto,
akatia punje za sukari ya maziwa zisafiri na maji,
akatuambia tukae kando.

Sikuona kisu. Niliona uzi.
Uzi wa maji, mwembamba kuliko ule tunaoshonea vidonda,
ukaingia mfupani bila hodi wala moshi.
Chururu!
Ishirini na mbili. Ishirini na sita. Thelathini na moja,
hapo Ipyana akauma mdomo: joto lipo, kumbe,
hata maji yakisukumwa sana hukasirika.
Thelathini na tatu. Ikagoma. Ikaanza kushuka.
Mpasuko wenyewe haukunyooka, chini ulipinda kama njia ya mbuzi,
lakini kingo zake zilikuwa na rangi ya maziwa, si ya mkaa.
Nilitaka kusema, tazameni, uko hai,
nikakumbuka ng'ombe kachinjwa tangu alfajiri.

Mashine ilirudi na mwenyewe.
Bei yake ilitajwa mara moja kikaoni, haikurudiwa.

Jumanne tulimpasua Kastori Luhwago,
mpasua mbao wa Mafinga,
mguu uliounga upande, ukatwe upya, unyooshwe.
Sindano ya mgongo: kiuno kimelala, masikio yako macho.
Nyuma ya pazia la kijani alikuwa anasikiliza.
Msumeno ulipobadili sauti, ukawa mwembamba kidogo,
kidogo ambacho sisi watatu hatukukisikia,
akasema taratibu, kama anayemsemesha mwenzake porini,
yule wa upande wa pili wa gogo:
"Dada, tia maji. Mti umeanza kuungua."

Daktari akanyanyua mkono.
Sekela akasahau hesabu yake.
Nikabonyeza yote hamsini, nikachukua bomba jingine, na jingine,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya dirishani,
nikijua chururu si ndo ndo ndo,
nikijua pia ndo ndo ndo ndiyo niliyo nayo.

Msumeno ukarudi kwenye sauti yake nene.

"Hapo sawa," Kastori akasema. "Endeleeni."